Muhuri

Kinyume. Hivyo ndivyo ninavyoandika tangu saa mbili asubuhi,
orofa ya pili, Mtaa wa Duruma, mlango usio na kibao.
Herufi zangu hutazama zisikokwenda
ili zikigongwa karatasini zimgeukie msomaji.

Leo nimetoa mawakili wawili kabla ya chai,
mweka hazina wa chama cha mazishi,
na daktari wa mifugo kutoka Kiserian
aliyenuka dawa ya kuogeshea ng'ombe
akanilipa kwa noti zenye unyevu.
Kijana mmoja alitaka muhuri wa hospitali,
siku tatu tu za kupumzika, bosi wake haelewi.
Nikamwambia mashine imeharibika.
Sina mashine.

Darasa la saba, South B, Mwalimu Esendi alitupa insha:
Nikimaliza masomo ningependa kuwa
Hakuweka nukta.
Ndege za Wilson zilipita juu ya mabati
chini kiasi cha kuhesabika magurudumu,
chaki ikatetemeka kwenye kingo ya ubao.
Nikaandika rubani. Nikajaza kurasa tatu, nikaomba karatasi ya ziada.
Nyanchama, tuliyekaa dawati moja, aliandika mstari mmoja:
ningependa kuwa mtu anayeitwa akihitajika.
Nje ya mada, ilisema kalamu nyekundu. Tisa kwa arobaini.

Karo ya kujifunza kuruka ingemeza shamba la Mwala,
imeze na fahali, imeze na mahari ya dada yangu,
na bado ningebaki chini, kando ya ua wa uwanja,
nimeshika waya.
Mjomba akasema kuna fundi anatafuta kijana mwenye macho makali.
Macho nilikuwa nayo. Niliyatunza kwa ajili ya mawingu.

Fundi Gichohi alinipa wembe na soli ya kandambili,
akaniambia nichonge S mia moja.
S haina ubavu wa kukamata,
ukidhani umeishika imeshapinda kwingine.
Miezi mitatu tu, nilimwambia mama.
Imekuwa miaka ishirini na mmoja.

Machi hii Nyanchama alipanda ngazi zangu akihema.
Hakunitambua. Mimi nilitambua mwandiko
kwenye kipande cha karatasi alichoniletea:
magari yaliyokwama, usiku na mchana, Barabara ya Mombasa.
Ana lori la kuvuta, mafuta meusi kwenye kucha,
simu mbili mkononi, zote zikilia.
Nilipomkumbusha ile insha alicheka hadi akatafuta kiti.
"Wewe ulipata thelathini na sita," akasema,
akautazama wembe wangu, kisha dari,
kisha akapokea simu.
Nilimpunguzia shilingi mia. Sijui kwa nini.

Jioni ile niliwasha taa nikachonga wa kwangu.
KAPTENI MUSEMBI KILONZI, halafu chini yake, RUBANI,
na bawa dogo pembeni, manyoya sita, nililihesabu.
Nikaupaka wino, nikaugonga juu ya gazeti la juzi.
Ukatoka umegeuka.
INABUR, ulisema, na jina langu likirudi nyuma kama gari gereji.
Miaka yote hiyo sijawahi kukosea jina la mteja.
Langu nililiandika sawasawa,
kama mtu anayejiandikia barua,
na raba haimjui mwenyewe.

Ningeutupa. Niliutia kwenye mfuko wa koti.
Binti yangu Ndanu, wa gredi ya nne, akaukuta,
akagonga daftari lote la hesabu,
hata juu ya majibu aliyopata.
Mwalimu aliandika kando: Inabur ni nani?
Mzazi afike shuleni Jumanne.

Nilifunga duka saa nne.
Nilivaa shati jeupe, lile lenye vifungo mabegani.
Nikasimama mbele ya meza yake nikasema
ni mimi.